Mbwa wa Familia Anayelinda Nyumba: Mwongozo Kamili wa Kumchagua na Kumlea

Kuna nyumba mtaani kwetu, nje kidogo ya Kibaha, iliyokuwa na mbwa wawili ambao hata muuza maji alishusha madumu yake mita ishirini kabla ya geti. Mchana walifungiwa bandani, saa nne usiku wakafunguliwa. Siku moja mwenye nyumba akapata msiba. Siku tatu turubai liko uani, watu wanaingia na kutoka, geti halifungwi, na mbwa, kwa ajili ya ukali wao huohuo, wako ndani ya banda siku zote tatu. Usiku wa pili pampu ya kisima ikaondoka na waya wake. Mbwa walibweka, lakini walikuwa wanabweka tangu asubuhi. Nani angewasikiliza?

Tangu hapo, mtu akiniambia "nitafutie mbwa mkali", namuuliza swali moja tu: huyo mbwa ataweza kuachwa huru mchana, watoto wako uani na wageni wako barazani? Kama hataweza, atafungiwa kila siku ambayo geti lako liko wazi. Na hizo ndizo siku anazozipenda mwizi.

Hatua ya 1: Amua kazi yake

Mbwa hulinda kwa namna tatu. Ya kwanza ni kubweka mapema, mtu akiwa bado nje ya uzio. Ya pili ni kusimama mahali anapoonekana, kifua mbele, mgeni akaamua mwenyewe kwamba leo si siku yake. Ya tatu ni kuuma kwa amri na kuachia kwa amri. Hiyo ni kazi ya mbwa kama wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi, waliofunzwa kwa muda mrefu wakiwa na askari wao.

Familia inahitaji ile ya kwanza, na ikipata ya pili ishukuru. Ya tatu iache. Kwetu "kumfunza mbwa kushambulia" mara nyingi maana yake ni kumchokoza kwa fimbo bandani na kumlisha pilipili. Pilipili inampa maumivu ya tumbo tu. Fimbo inampa woga, na mbwa mwoga humuuma aliye karibu naye, yaani mtoto wako au dada wa kazi. Mwizi yuko mbali na ameshika panga.

Hatua ya 2: Kagua uwanja, watu na majirani

Zunguka uzio wako mwenyewe, mkono mgongoni, kama vile wewe ndiye mwizi. Mabati yenye mwanya chini, michongoma iliyokauka kona moja, geti lisilofika ardhini: mbwa atavigundua vyote ndani ya wiki. Mbwa anayetoka hugongwa barabarani, huleta kupe na vidonda, na hukutana na mbwa wenye kichaa. Kama huna uzio kabisa, jenga kwanza. Kama huwezi kwa sasa, funga waya mrefu kati ya nguzo mbili na mnyororo wake uteleze juu ya waya huo, ili apate kutembea, na umfungue utakapokuwa naye uani. Ila ujue hiyo ni nusu ya suluhisho.

Kisha watu. Mama au baba wa nyumba anaweza kumpenda mbwa sana, lakini anayeshinda naye ni dada wa kazi. Akiwa anaogopa mbwa, atamfungia asubuhi mkishatoka na kumfungua mkikaribia kurudi, na hamtajua. Mshirikisheni tangu mwanzo, na ikiwezekana yeye ndiye awe anamlisha. Nyumba za kupanga zenye ua mmoja zinahitaji kila mpangaji akubali kwa kinywa chake, vinginevyo mbwa atakula sumu kutoka dirisha la jirani na hutamjua aliyefanya.

Kwa sisi wa Pwani kuna jambo jingine linalotaka heshima. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa zaidi huku, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Pamoja na hayo, mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na wanazuoni wengi wanamhesabu wa ulinzi pamoja nao. Nimeona familia za Kiislamu zikifuga mbwa bila shida kwa kupanga mambo: banda upande wa nyuma, bakuli lake halichanganyiki na vyombo vya ndani, haingii nyumbani, na amefundishwa tangu utoto kutomrukia mtu. Hata kama wewe si Mwislamu, hilo la kutorukia lifundishe. Jirani anapita na kanzu ya Ijumaa iliyonyooshwa, pua moja yenye unyevu inaweza kuvunja ujirani wa miaka kumi.

Hatua ya 3: Chagua aina, ukianza na aliye karibu

Wengi huanza na picha za mbwa wa kizungu kwenye simu. Mimi naanza na mbwa wa kienyeji. Mwili wake ni mdogo, anakula anachokula mnyama wa saizi yake, jua halimsumbui, na anavumilia kupe na maradhi ya huku kuliko wageni. Ana masikio makali na hawaamini watu asiowajua. Wanaomdharau wamemzoea akiwa mbwa koko, wa jalalani, asiye na mwenyewe. Mchukue akiwa na miezi miwili, umlishe, umchanje na uishi naye, utaona mbwa mwingine kabisa. Kwa kazi ya kubweka mapema sijaona anayemzidi. Pungufu yake ni umbo: hamtishi mtu anayemwona mchana.

German Shepherd ndiye anayetakiwa zaidi na kila mtu, na ana sababu. Alianza kama mbwa wa wachunga kondoo huko Ujerumani, na mwaka 1899 afisa wa jeshi, Max von Stephanitz, ndiye aliyeanza kumpanga kuwa aina moja rasmi. Damu hiyo ya uchungaji ndiyo unayoiona uani anapozunguka ukuta bila kuambiwa na kuwasukuma watoto kwa pua warudi ndani. Anajifunza haraka. Taabu zake ni manyoya mengi kwenye joto letu, ugonjwa wa nyonga unaorithiwa (asimame mgongo ukiwa umenyooka, nyonga zilizoshuka sana kama fisi zitakugharimu baadaye), na kupe. Kama unaishi eneo lenye mbung'o, kama vile kando ya hifadhi, mbwa wa aina za nje hupata nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, na kufa haraka sana. Pia anahitaji kazi. Ukimwacha mwenyewe siku nzima, atafukua bustani yote.

Rottweiler aliwaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama katika mji wa Rottweil. Ni mtulivu kuliko sura yake, na akilelewa vizuri huwapenda watoto mno. Lakini dume hufika kilo 50 na zaidi. Mtoto wa miaka minne akisukumwa kwa furaha tu na mnyama wa kilo 50, anaangukia kona ya ngazi. Boerboel wa Afrika Kusini ni mkubwa zaidi na ana kichwa chake mwenyewe. Kama hujawahi kufuga mbwa, usianze naye. Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ana damu ya mbwa wa Wakhoikhoi na sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922. Joto si shida kwake, habweki hovyo, lakini anahitaji uwanja mpana wa kukimbia.

Mbwa wadogo wasidharauliwe. Japanese Spitz, yule mweupe mwenye manyoya kama pamba, ni kengele ya mlango yenye miguu minne. Kinyume chake ni Basenji wa misitu ya Kongo: mrembo, msafi, mwerevu, lakini habweki kama mbwa wengine. Ukimfuga kwa ajili ya kengele utakuwa umejitania mwenyewe.

Kwa familia nyingi zenye kiwanja cha kawaida nashauri chotara wa German Shepherd na kienyeji. Anarithi umbo la mmoja na ugumu wa mwingine, na bei yake haiumizi. Vyeti vya ukoo havimfukuzi mwizi.

Hatua ya 4: Dume au jike, mtoto au mkubwa

Jike hukaa nyumbani zaidi na huwa makini na watoto. Asipofungwa kizazi, takribani kila baada ya miezi 6 huingia kwenye joto kwa wiki 2 hadi 3, na madume ya kata nzima yatalala getini kwako. Dume asiyehasiwa ndiye anayeruka ukuta kwenda kuyatafuta hayo mambo. Daktari wa mifugo huwafanyia upasuaji wote wawili, na ukali wa kulinda haupotei.

Kuhusu umri, mtoto wa wiki 8 ndiye bora kwa familia yenye subira. Chini ya hapo bado anajifunza kwa mama na ndugu zake namna ya kuuma bila kuumiza, na anayeondolewa wiki ya tano hulijua hilo kwa kuwang'ata wanao. Mbwa mkubwa anafaa kama unamjua alikotoka, mathalani familia inayohama. Mbwa mkubwa "wa kampuni ya ulinzi" anayeuzwa rahisi, muulize muuzaji kwa nini anauzwa, kisha usiamini jibu la kwanza.

Hatua ya 5: Nenda ukaone kwa macho yako

Kununua mbwa kwa picha ya WhatsApp ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda nyumbani kwa muuzaji, asubuhi, kabla hawajalishwa.

Anza na mama yao. Anakubwekea ulipoingia? Vizuri. Mwenyewe akisema basi, ananyamaza na kuja kukunusa? Vizuri zaidi, hapo umeona nusu ya tabia utakayokwenda nayo nyumbani. Anatetemeka kona ya banda, au anatoa meno hata bwana wake akimshika? Aga, ondoka. Ukiambiwa mama "yuko shamba", ondoka pia. Wengi wanaosema hivyo wamewakusanya watoto sehemu mbalimbali.

Kisha kaa chini. Si kwenye kiti, kaa kwenye vumbi kabisa na usiwaite. Mara ya mwisho nilipokwenda kumchagulia mdogo wangu, walikuwa sita. Mmoja alinirukia suruali papo hapo, akaning'inia na kunguruma, akampiga kila ndugu aliyesogea. Mmoja alikimbilia chini ya pipa. Wanne walikuja polepole. Nikadondosha fungu la funguo nyuma yao, kelele ya chuma juu ya saruji. Wote wakashtuka, hiyo ni kawaida. Watatu wakakimbia. Wa nne, jike la kahawia lenye soksi nyeupe mguu mmoja, akaruka nyuma hatua mbili, akasimama, akainamisha kichwa, akarudi kuzinusa funguo. Nikambeba chali mikononi kama mtoto mchanga. Akapiga mateke kidogo, akatulia, akanitazama. Tukaondoka naye. Yule wa kuning'inia, ambaye muuzaji alimsifia kwa ujasiri wake, angemfaa mtu mwenye uzoefu na asiye na watoto wadogo. Wa chini ya pipa ndiye anayeweza kuja kuuma watu akiwa mkubwa.

Baada ya tabia, mwili. Fizi ziwe za waridi. Nyeupe ni damu kupungua kwa minyoo au kupe. Tumbo lililovimba huku mbavu zinaonekana ni minyoo. Angalia macho, ndani ya masikio, na sehemu ya haja: uchafu wa kuhara ulioganda hapo ni sababu ya kuahirisha. Fungua mdomo uhesabu umri. Mtoto wa wiki 8 ana meno madogo ya maziwa, makali kama sindano, 28 kwa jumla. Yakiwa hayajatoka yote, umri umeongezwa. Ukiona meno ya mbele yameanza kung'oka na makubwa yanachipuka, huyo ana miezi mitatu au minne, na "wiki nane" ni hadithi.

Hatua ya 6: Kadi ya chanjo

Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo. Kalamu peke yake haitoshi. Chanjo ya mseto, ya kukinga parvo, distempa na maradhi mengine, huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Chanjo huishi kwenye baridi. Iliyoletwa juani ndani ya mkoba wa bodaboda bila barafu, mhesabu mbwa wako kuwa hajachanjwa. Mwezi Septemba, kuelekea tarehe 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri kadhaa huchanja bure. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata.

Dawa ya minyoo apewe kila wiki 2 mpaka miezi 3, kila mwezi mpaka miezi 6, kisha kila miezi 3. Hiyo ni kwa ajili ya watoto wako pia, maana wanacheza kwenye mchanga uleule. Na kama mbwa wako wa awali alikufa kwa kutapika na kuhara damu, kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Usilete mtoto ambaye hajamaliza chanjo kwenye ua huohuo.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza

Hapa ndipo mlinzi anapotengenezwa. Mpaka wiki ya 12 au 14 akili ya mtoto wa mbwa iko wazi: anachokutana nacho kwa wema anakihesabu cha kawaida maisha yake yote. Kwa hiyo fanya kinyume cha wanavyofanya wengi, wanaomficha bandani "asizoeane na watu". Mwonyeshe bibi mwenye mkongojo, mtoto anayelia, fundi mwenye ndoo, bodaboda, mwavuli, mvua juu ya bati. Kwa kuwa chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi na umweke mbali na mbwa wengine. Watu wananiuliza kama hatazoea na wezi. Hapana. Mbwa aliyejua watu wa kawaida wanavyotembea ndiye anayemtambua yule anayenyata kwenye ukuta saa nane usiku. Asiyewajua huwabwekea wote sawa, na wewe unaacha kuamka.

Kubweka nako kunafundishwa. Akibweka usiku, amka mara moja, toka na tochi, angalia anakoangalia, mwambie "vizuri, basi," kisha mrudishe. Akibwekea wapita njia mchana mwite kwako, asipewe chochote. Baada ya wiki kadhaa utaanza kutofautisha: kuna sauti ya paka, sauti ya mgeni anayebisha hodi, na kuna ile nzito ya kukatisha pumzi inayokuamsha kabla hujajua umeamka.

Sumu ndiyo silaha kubwa ya mwizi. Tangu siku ya kwanza ale kwenye bakuli lake tu, kwa mkono wa watu wawili au watatu wa nyumbani. Marufuku mgeni kumrushia mfupa, hata mjomba. Mlishe jioni ashibe. Mara mojamoja mwombe rafiki asiyemjua amtupie kipande cha nyama kupitia uzio, nyama ikiwa imefungwa kamba. Akiisogelea, ivute na umkataze. Haiondoi hatari yote, lakini inampa mwizi kazi.

Watoto nao wana masharti yao, na ni mafupi: mbwa anayekula haguswi, anayelala haamshwi kwa kukumbatiwa, na mtoto wa chini ya miaka 6 haachwi naye peke yao hata dakika moja, hata kama mbwa ni mpole kama kondoo.

Hatua ya 8: Banda na chakula

Banda liwe mahali ambapo anaona geti na mlango wa nyumba, sakafu imeinuliwa, paa lina kivuli mchana. Ni pa kulala, si gereza. Banda la nyuma ya choo cha nje linalinda choo.

Dona na dagaa, mapupu, utumbo uliochemshwa, vichwa na miguu ya kuku vilivyopikwa laini na kuondolewa mifupa, mboga kidogo: anaishi vizuri. Mtoto wa aina kubwa ugali na mchuzi havimtoshi: anahitaji protini na madini ya mifupa kama kalsiamu, la sivyo miguu hupinda. Mifupa ya kuku iliyopikwa huchanika kama vijiti na kutoboa utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Hatua ya 9: Akiuma mtu

Hata mbwa mzuri anaweza kuuma. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, zihesabiwe kwa saa. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kitunguu, mafuta ya taa na manyoya ya mbwa kwenye kidonda, hapana.

Mbwa asiuawe kwa hasira kama wanavyokimbilia kufanya majirani. Mfunge mahali salama, mwite daktari wa mifugo na umtazame siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida, basi siku aliyouma hakuwa akiambukiza kichaa, na daktari aliyemtibu mgonjwa ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Ukimuua, hilo hutalijua isipokuwa kichwa chake kipelekwe maabara.